Pipa la Mjomba



Ulipoanza kisomo, bila shaka mwalimu alikuandikia ubaoni maneno mawili: PAKA na PIKA. Akakuuliza, tofauti iko wapi? Ukaenda ubaoni, ukaonyesha kwa kidole herufi ya pili. Tangu siku hiyo unajua kwamba herufi moja ikibadilika, neno linakuwa jingine kabisa. Paka analala jikoni, lakini hapiki.

Katika somo hili tutatazama maneno machache ya Kiingereza. Usiogope. Hatutajifunza Kiingereza chote. Tutatazama yale tu yanayofika mpaka kijijini kwetu bila kualikwa. Yamepigwa chapa kwenye mapipa, makopo, magunia na karatasi. Vitu hivi vingi hushushwa Bandari ya Dar es Salaam. Kutoka hapo huingia maduka ya Kariakoo, kisha hupakiwa kwenye malori na mabasi mpaka kwetu.

Shida ya maneno haya ni kwamba mengine yanafanana kama mapacha. Ukiyatazama kwa haraka utadhani ni neno moja. Au utadhani yanapingana, kumbe maana yake ni moja. Mimi mwenyewe yaliwahi kunidanganya, na nitakuambia ilivyokuwa.

NENO LILILOMSHINDA MWENYE CHETI

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima, na nina cheti. Nasema hivi si kwa kujisifu. Nasema kwa sababu siku moja cheti hicho nusura kitutie hatarini.

Mjomba wangu alikuwa mpakua mizigo bandarini. Alikwenda mjini akiwa kijana, na hakubahatika kusoma. Nilipokwenda kumtembelea alinichukua mpaka Gerezani, jirani na Kariakoo, mahali ambapo mafundi chuma hugonga nyundo kutwa. Alitaka kununua pipa tupu la chuma. Fundi alikate juu, lipate mfuniko, kisha alipeleke kijijini liwe la kuwekea maji.

Tukapata pipa moja la bei nafuu. Fundi akavuta mtungi wake wa gesi ya kukatia chuma, akatoa kiberiti mfukoni.

Mjomba alikuwa bado analizunguka pipa na kulitazama. Akaniita.

"Mjomba, wewe ndiye msomi wetu. Neno hili linasemaje?"

Neno lilikuwa INFLAMMABLE. Husomwa in-fle-ma-bol.

Nikajibu upesi, maana nilikuwa nimefundishwa chuoni. Katika Kiingereza, herufi IN zikiwekwa mbele ya neno, mara nyingi maana yake ni "si". CORRECT ni sahihi, INCORRECT si sahihi. COMPLETE ni kamili, INCOMPLETE si kamili. Neno FLAMMABLE nilikuwa nalijua: ni kitu kinachoshika moto upesi. Nikapiga hesabu yangu kichwani, nikasema:

"Halina neno, mjomba. Limeandikwa haliwaki moto."

Mjomba hakuondoka. Akaweka kidole chini ya lile neno. Palikuwa na alama nyekundu yenye pembe nne, imesimama kwa pembe moja kama kipande cha kashata. Ndani yake zimechorwa ndimi za moto.

"Kama haliwaki," akauliza, "huu moto wameuchora wa nini? Bandarini, pipa lenye alama hii hatulisogelei hata na sigara."

Nikanyamaza. Fundi naye akarudisha kiberiti mfukoni.

Jioni nilifungua kamusi. INFLAMMABLE maana yake ni kitu kinachowaka upesi. FLAMMABLE nalo maana yake ni kitu kinachowaka upesi. Maneno mawili, maana moja! Zile herufi IN hapa si za kukana. Zimetoka katika Kilatini, katika neno la zamani lenye maana ya kutia moto. Mimi nilizisoma kama "si", na hesabu yangu yote ikawa kinyume.

Wala si mimi peke yangu. Hata wenye lugha yao walidanganyika. Tangu miaka ya 1920, wataalamu wa kuzuia moto huko Marekani walihimiza watu waandike FLAMMABLE na kuacha INFLAMMABLE, kwa kuhofia kosa kama langu. Hata hivyo neno la zamani bado lipo. Utalikuta kwenye mapipa, kwenye magari ya mafuta na kwenye makopo ya rangi.

Kitu kisichowaka huandikwa NON-FLAMMABLE. Basi kumbuka hivi. Ukiona NON mbele, hakiwaki. Ukiona IN mbele, au hakuna kitu mbele, kinawaka.

PIPA TUPU SI TUPU

Fundi alijitetea. Alisema, "Lakini pipa lenyewe ni tupu." Ni kweli, ubavuni palikuwa pameandikwa kwa chaki EMPTY, yaani tupu.

Neno hili nalo ni la kuangaliwa. Petroli ikimwagwa, mvuke wake hubaki ndani ya pipa. Huuoni kwa macho. Mvuke huo ukichanganyika na hewa, cheche moja inatosha kuulipua. Pipa lililojaa mpaka juu halina nafasi kubwa ya hewa. Pipa linaloitwa tupu ndilo lenye nafasi hiyo.

Mwaka 1939 Mmarekani mmoja, Benjamin Lee Whorf, aliandika juu ya jambo hili. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya moto, na kazi yake ilikuwa kuchunguza mahali palipoungua. Aliona kwamba karibu na mapipa yaliyojaa petroli watu walikuwa na hadhari kubwa. Karibu na mapipa matupu walivuta sigara na kutupa vipande ovyo. Neno "tupu" liliwafanya waone hakuna kitu, kumbe kitu kipo.

Kwa hiyo usikate wala kuchomelea pipa lililobeba mafuta au dawa, hata kama ni tupu. Na usiligeuze kuwa pipa la maji ya kunywa. Kuliosha kwa sabuni hakutoshi.

Ile alama ya kashata ina namba chini yake. Namba hiyo inasomeka katika nchi zote, kwa hiyo inakufaa hata kama Kiingereza hukijui. Namba 3 ni maji yanayowaka, kama petroli. Namba 6 yenye fuvu la kichwa ni sumu. Namba 8, penye picha ya maji yanayodondokea mkono, ni kitu kinachounguza ngozi na chuma, kama asidi. Kwenye gari la mafuta unaweza kukuta pia kibao cha rangi ya machungwa chenye tarakimu nne. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. Gari likipinduka barabarani karibu na kijiji chenu, watu wasikimbilie na ndoo. Waambie wakae mbali, na asiwepo mwenye moto.

TAZAMA MKIA WA NENO

Sasa tuache mapipa, tutazame karatasi. Hapa hakuna mlipuko, lakini mtu anaweza kupoteza mali yake au haki yake.

Katika Kiswahili tunasema mwajiri na mwajiriwa. Tofauti iko mkiani. Mwajiri ndiye anayetoa kazi. Mwajiriwa, mwenye mkia -WA, ndiye anayepewa kazi. Mtoto mdogo anazijua tofauti hizi bila kufundishwa.

Kiingereza nacho kina mikia yake. EMPLOYER ni mwajiri. EMPLOYEE ni mwajiriwa. PAYER ni mlipaji. PAYEE ni anayelipwa. Mkia -ER au -OR ni wa mtendaji. Mkia -EE, wenye herufi E mbili, mara nyingi ni wa anayetendewa. Herufi E mbili husomwa kama i ndefu: em-plo-yii, pe-yii.

Bandarini kuna maneno mawili ya namna hii ambayo yamewatoa watu wengi jasho: CONSIGNOR na CONSIGNEE. La kwanza ni mpeleka mzigo. La pili ni mpelekewa mzigo. Kwa kawaida, jina lililoandikwa penye CONSIGNEE ndilo jina la mtu mwenye haki ya kuja kuuchukua mzigo.

Niliwahi kukutana na mzee mmoja aliyetumiwa vyerehani na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Maskati. Aliyejaza karatasi alibadilisha majina. Baba akawekwa penye CONSIGNOR, mwana akawekwa penye CONSIGNEE. Kwa mujibu wa karatasi ile, mzee wa Dar es Salaam ndiye aliyepeleka mzigo, na mwana aliyeko Maskati ndiye anayetakiwa kuja kuupokea! Mzee alikwenda na kurudi wiki nzima. Mzigo uko pale, anauona kwa macho, lakini haruhusiwi kuugusa. Na mzigo ukikaa bandarini kupita siku zilizowekwa, hulipiwa ghala kila siku. Vyerehani vilitoka mwishowe, lakini faida yote iliishia kwenye malipo hayo. Kisa chenyewe kilikuwa mkia wa neno.

Lakini usiende mbio sana na kanuni hii. COFFEE ina E mbili, na ni kahawa tu. Na yako maneno mengine ambayo mkia hausaidii kitu. LENDER ni mkopeshaji, BORROWER ni mkopaji. Yote mawili yana -ER. Kiswahili kimetufanyia wepesi hapa. Tuna neno moja, kopa, na tukitaka kugeuza upande tunasema kopesha. Waingereza wana maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, LEND na BORROW, na wanafunzi wengi huyachanganya. Neno RENT ndilo baya zaidi. Ni kupanga nyumba, na pia ni kupangisha nyumba. Hapo ukitaka kujua nani ni nani, tazama majina ya watu, si neno.

Mkataba wa kazi ukiandikwa kwa lugha usiyoijua, usione haya kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amweleze mwajiriwa masharti yaliyoandikwa, kwa namna mwajiriwa anayoielewa. Kuuliza ni haki yako, si ujinga.

Hapa namkumbuka tena mjomba. Kwa miaka mingi hakuwa na mkataba wowote. Alikuwa kibarua. Je, unajua neno hilo limetoka wapi? Kibarua ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa siku alipewa kikaratasi, na kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama humo. Mwishowe jina la karatasi likawa jina la mtu. Katika Kiingereza kazi hiyo huitwa CASUAL. Usichanganye na CASUALTY, neno linaloandikwa kwenye mlango wa hospitali wanapopokelewa majeruhi. Ingawa mjomba alikuwa akicheka na kusema kwamba bandarini mlango mmoja haukuwa mbali na mwingine.

JINA LA KARIAKOO

Watu wengi wa mikoani tunaijua Kariakoo kwa biashara zake. Soko kubwa la ghorofa pale lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021. Lakini jina la Kariakoo ni la zamani kuliko jengo hilo, na ndani yake yamejificha maneno mawili ya Kiingereza.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yaani 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Barabara zilikuwa chache. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Basi mizigo ya vita ilibebwa na watu, kichwani na mabegani: unga, risasi, vipande vya mizinga. Waingereza waliteka Dar es Salaam mwaka 1916. Kikosi chao cha wapagazi kikapiga kambi katika kiwanja kile ambacho baadaye kiligeuka kuwa soko.

Kikosi hicho kiliitwa CARRIER CORPS. CARRIER ni mbebaji. Unalijua neno hili, maana nyuma ya baiskeli kuna keria. CORPS ni kikosi. Sasa tazama vizuri neno hili la pili. Limeandikwa na P na S mwishoni, lakini herufi hizo hazitamkwi. Husomwa "koo" tu. Wenyeji walisikia "keria koo", wakasema Kariakoo. Hawakuiona karatasi. Walisikiliza kwa masikio, na masikio yao yalisikia sawasawa. Huko Nairobi nako ipo Kariokor, ambayo jina lake limetoka katika kikosi hicho hicho.

Lipo neno lingine linalofanana na CORPS. Neno hilo ni CORPSE. Limeongezwa E moja tu. Hilo husomwa "kops", P na S zinasikika, na maana yake ni maiti. Waingereza wenyewe hukosea. Mtu anataka kuandika kikosi, anaandika maiti.

Kwa hawa wapagazi, kosa hilo si la kuchekesha sana. Waafrika mamia ya maelfu walibeba mizigo ya vita hivyo. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na uchovu. Walio wengi hawana kaburi lenye jina. Ukifika katikati ya mji wa Dar es Salaam utaiona sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Anayeonekana pale ni askari mwenye bunduki. Lakini sogea karibu usome maandishi yaliyo chini yake. Yapo kwa Kiswahili pia, na yanawataja wapagazi. Mtu asiyejua kusoma anamwona askari peke yake.

UKIWA DUKANI

Mengine ni mepesi, tutayapita haraka.

Kwenye kopo la chakula au dawa, herufi EXP zikifuatwa na tarehe ni siku ya mwisho ya kutumia. MFG ni siku kilipotengenezwa. Usichanganye EXP na EXPORT, ambalo ni neno la bidhaa za kuuzwa nchi za nje. Muuzaji mjanja anaweza kukuonyesha EXPORT akasema, "Unaona? Bado."

Kwenye gunia, GROSS WEIGHT ni uzito pamoja na gunia lenyewe au sanduku. NET WEIGHT ni uzito wa mali peke yake, na hiyo ndiyo unayonunua. Lakini katika maduka ya jumla, GROSS ikisimama peke yake ni hesabu: dazeni 12, yaani vitu 144. Ukiambiwa "grosi moja ya kalamu", hesabu kabla ya kulipa.

Na wale ambao L na R zinatupa taabu ulimini, tuwe waangalifu tunapoandika. RICE ni mchele. LICE ni chawa. Hakuna atakayenunua gunia la chawa, hata ukipunguza bei.

Lile pipa tuliliacha Gerezani. Mjomba alinunua ndoo mbili kubwa za plastiki, mpya, zenye mifuniko, na njiani hakunisema hata neno moja. Tulipofika kituo cha basi ndipo alipouliza, "Hilo darasa lenu la watu wazima, mtu wa umri wangu anapokelewa?"

ZOEZI

1. Soma maneno haya: FLAMMABLE, INFLAMMABLE, NON-FLAMMABLE. Ni lipi linalosema kitu hakiwaki?

2. Dada yako amekutumia mzigo kutoka Mombasa. Jina lako liandikwe penye CONSIGNOR au penye CONSIGNEE?

3. Andika kwa Kiswahili: EMPLOYEE, LENDER, CORPS.

4. Dukani umenunua grosi mbili za vifungo. Ni vifungo vingapi?

5. Tafuta nyumbani kopo, mfuko au karatasi yenye maneno ya Kiingereza. Kilete darasani siku ya somo lijalo. Kikiwa ni kopo la dawa ya mimea, usikibebe. Nakili maneno yake kwenye daftari, uchore na alama yake.